Uchungu wa Mheshimiwa Ngwali

Nchi ya Ufukuto haimo katika ramani yoyote niliyowahi kuwafundishia wanafunzi wangu, na sitampotezea msomaji muda kwa kumweleza nilivyofika. Nilifika. Nilipokelewa vizuri, nikapewa chumba cha uani katika nyumba ya mbunge mmoja, na kesho yake nikapelekwa kwenye Wizara ya Wanawake, kwa kuwa Wafukuto wanaona fahari kubwa kumwonyesha mgeni jinsi wanavyowajali wanawake wao.

Waziri alikuwa mwanamume mwenye ndevu nzuri. Naibu wake alikuwa mwanamume, na katibu, dereva na mlinzi vilevile. Mwanamke pekee niliyemkuta pale alikuwa amepiga magoti akisugua sakafu, na Waziri alimruka kwa ustadi wa mtu aliyezoea, akaja kunipa mkono.

Nilimuuliza kwa upole kwa nini wizara ile haina ofisa mwanamke.

"Bwana Mgeni," akasema, "wewe jino likikuuma, unaling'oa mwenyewe?"

Nilikiri kwamba siling'oi.

"Basi. Mwenye maumivu haoni sawasawa. Wanawake wako karibu mno na mambo ya wanawake. Kazi hii inataka watu walio mbali nayo, wenye macho makavu."

Nikaja kuona kwamba Ufukuto yote inaendeshwa na watu wenye macho makavu. Kamati ya Maji, kwa mfano, ilizunguka mji mkuu wa Kitini ikiwauliza wananchi wangependa bomba liwekwe wapi. Ilizunguka alasiri, saa ambazo wananchi wanaopatikana ni wale waliokaa barazani wakinywa kahawa na kucheza dhumna. Wananchi wakajibu kwamba wangependa bomba liwe pale pale barazani, na likawekwa. Ni bomba zuri, wanalitumia kuoshea vikombe. Wanawake wa kilimani hulifuata kwa ndoo, wakasubiri mchezo uishe, kwa sababu mdomo wake umetokea chini ya meza ya dhumna. Huko sokoni, ambako wauzaji karibu wote ni wanawake, hakuna choo cha kike. Kamati ya Usafi ilikwenda kukagua, ikatoa taarifa kwamba soko lina ukuta mrefu upande wa nyuma, na kwamba ukuta huo unatosheleza mahitaji.

Sheria waliyojivunia kuliko zote, hata hivyo, ilikuwa Sheria ya Saa za Kujifungua. Kliniki ya uzazi ya Kitini hufunguliwa saa mbili asubuhi kama ofisi nyingine zote za serikali, na hufungwa alasiri pamoja nazo, mapumziko ya chai yakiwemo. Mtoto anayetaka kuzaliwa Ufukuto anatakiwa kuheshimu utaratibu huo. Akizaliwa nje ya muda, huandikwa kuwa kazaliwa kesho yake saa mbili kamili. Ndiyo maana Wafukuto wengi mno wana saa ile ile ya kuzaliwa, na wapiga ramli wa huko walikwisha kukata tamaa na kugeukia biashara ya mkaa.

Msimamizi wa sheria hiyo alikuwa mwenyeji wangu mwenyewe, Mheshimiwa Ngwali Shekue, Mwenyekiti wa Kamati ya Uzazi. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye roho nzuri, na alikula taratibu kama anayewaonea huruma vitafunio. Siku ya kwanza alinieleza, huku mkewe Bi Siajabu akitumiminia chai, kwamba zamani kliniki ilifungwa saa tisa.

"Mimi ndiye niliyeisogeza mpaka saa tisa na nusu," akasema. "Yanaitwa Mageuzi ya Ngwali. Tulijadili kipindi kizima cha Bunge."

"Na wajumbe wa kamati ni akina nani?"

"Watu wazima watupu, Bwana Mgeni. Kila mmoja ana watoto tele."

Bi Siajabu aliweka birika mezani kwa kishindo kidogo kuliko alivyotaka, na kikubwa kuliko mumewe alivyosikia.

Nilipouliza kama kuna wanawake bungeni, Mheshimiwa Ngwali alinipeleka kwa furaha nikawaone. Wamo, na wanakaa mbele kabisa, kwenye viti vyenye mito ya maua, mahali ambapo mpiga picha hawezi kuwakosa. Huitwa Wabunge wa Makofi. Katiba imewapa haki ya kupiga makofi wakati wowote, na haki ya kupiga vigelegele siku ya bajeti. Hawasemi wala hawapigi kura, kwa sababu, kama nilivyoelezwa, kura zingewachosha mikono. Mmoja wao aliwahi kupiga makofi polepole kwa namna iliyotiliwa mashaka, akapelekwa kwenye kamati ya maadili.

Sasa sina budi kueleza kanuni moja ya Bunge lile, maana bila hiyo yaliyotokea hayaeleweki. Waasisi wa Ufukuto walichoshwa na wabunge watoro, wakatunga kanuni kwamba kiti kitakachokutwa baridi wakati Bunge linakaa, mwenye nacho amekipoteza. Mbunge mwenye udhuru anaruhusiwa kumwacha mtu wa nyumbani kwake akipashe, na kanuni inasema wazi: anayepasha kiti cha mbunge ndiye mbunge huyo, mpaka mwenyewe arudi. Mwanzoni waliwaacha ndugu zao wa kiume. Lakini ndugu wa mbunge mmoja alikaa, kiti kikamnogea, akakataa kuinuka, na mbunge yule sasa anauza viatu. Tangu hapo waheshimiwa huwaacha wake zao. Mke, waliniambia, hana tamaa ya kiti.

Nilikuwa bado mgeni mjini Bunge lilipopitisha, kwa sauti moja, azimio la kuwapeleka wabunge wote wenye kura nchi za nje kwa mwezi mzima, kujifunza hali ya mwanamke. Nchi iliyochaguliwa ilikuwa na fukwe nyingi. Mbunge mmoja kijana aliuliza kama isingefaa msafara uwe na mwanamke hata mmoja, na hoja yake ikazimwa na Spika, Mzee Kombo Tindwa, kwa maneno haya: "Tukienda nao tutakuwa tunawaangalia wao. Tutajifunza saa ngapi?" Wabunge wa Makofi wakapiga makofi.

Asubuhi ya safari, Mheshimiwa Ngwali alimpa mkewe maagizo akiwa mlangoni.

"Mama Raya, wewe kaa tu. Kengele ikilia, simama. Ikilia tena, kaa. Usiseme kitu."

"Na wakiniuliza?"

"Nani atakuuliza?"

Raya, binti yao, alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, miguu imemvimba. Alikuja kwa wazazi wake kwa ajili ya mimba yake ya kwanza, na siku zake zilikuwa zimekaribia. Baba yake alimbusu kichwani, akamsihi ajitahidi iwe asubuhi, akaondoka.

Siku hiyo mchana Bi Siajabu alikuwa akichambua mchele, nami nilikuwa nikimsumbua kwa maswali kuhusu kliniki, kama msafiri anayetaka kuelewa. Akaupepeta kwa ungo, kisha akasema bila kuniangalia:

"Kabla ya Raya nilikuwa na mwingine. Wa kiume. Uchungu ulinianza sokoni, nikafika kliniki saa kumi alasiri. Lango limefungwa. Askari wa lango alikuwa na adabu sana, Bwana Mgeni. Aliniletea kigoda. Akaniambia, mama, jikaze mpaka asubuhi." Akatoa chuya moja, akaitupa. "Mwenzangu hakujikaza."

"Baba Raya wakati huo alikuwa karani tu. Alilia kuliko mimi. Akaapa ataingia bungeni aifute ile sheria. Akaingia kweli. Alipofika huko akaniambia mambo si rahisi kama yanavyoonekana ukiwa nje. Akaongeza nusu saa."

Raya alikuwa ameacha kujipepea. Nilitambua kwamba naye alikuwa akiisikia habari ile kwa mara ya kwanza.

Siku za mwanzo wake wa waheshimiwa walikaa bungeni kama walivyoagizwa. Mimi nilikuwa kwenye roshani ya wageni. Katibu wa Bunge, Bwana Hasnuu, mzee mwembamba aliyezijua kanuni zote kwa moyo na hakuwahi kujiuliza zina maana gani, alipiga kengele wakasimama, akapiga tena wakakaa. Wengine walisuka ukili. Mmoja alimenya viazi kwenye kiti cha Waziri wa Ulinzi. Katika kiti kirefu cha Spika alikaa mkewe, Bi Kuruthumu, mwanamke mwenye sauti na dhahabu, ambaye mikokoteni yake ndiyo iliyokuwa ikiuza maji kilimani. Kila siku hoja ilikuwa moja, kuahirisha kikao, na kila siku ilipigiwa makofi.

Halafu siku moja, kabla ya kengele ya pili, Bi Siajabu akanyoosha mkono.

"Bwana Katibu, samahani. Hivi nilivyokaa hapa, mimi ni nani?"

Bwana Hasnuu hakusita. "Kwa mujibu wa kanuni, wewe ni Mheshimiwa Ngwali Shekue."

"Mzima mzima?"

"Mzima mzima, isipokuwa kanzu."

"Basi Mheshimiwa Ngwali anaomba kusema."

Bwana Hasnuu alifikiri, macho juu darini, akatafuta kanuni ya kumkataza Mheshimiwa Ngwali kusema, akaikosa. "Mheshimiwa Ngwali ana nafasi," akasema.

Bi Siajabu alisema yale yale aliyoniambia mimi kwenye mchele, bila kupamba. Lakini Ufukuto ina redio ya Bunge, na mtangazaji wake alikuwa amelazimika wiki nzima kutangaza kuahirishwa kwa kikao. Alirukia kipaza sauti kama mwenye njaa. Naye pia alikuwa mtu wa kanuni.

"Ndugu wasikilizaji," nchi nzima ikasikia, "Mheshimiwa Ngwali Shekue amesimama. Mheshimiwa anasema alikuwa sokoni, uchungu ukamkamata. Anasema alitembea kwa miguu mpaka kliniki, chupa ikapasukia njiani. Lango lilikuwa limefungwa. Mheshimiwa anasema alizaa hapo hapo nje, na mtoto hakulia."

Niliambiwa baadaye kwamba katika baraza zote za Kitini dhumna zilibaki hewani.

Baada yake wakafuata wengine. Mheshimiwa Shomvi alisema amezaa mara nyingi na kila mara lango limemshinda. Waziri wa Ulinzi, akiwa na kiazi mkononi, alieleza jinsi alivyojifungulia nyuma ya ukuta wa soko kwa sababu alikuwa amekwenda pale kwa haja nyingine kabisa. Mtangazaji alitangaza yote. Kufikia adhuhuri Bunge la Ufukuto lilikuwa limepitisha kwamba kliniki isifungwe kamwe, na kabla ya chakula likapitisha vyoo vya soko. Hakuna aliyepinga. Bi Kuruthumu mwenyewe aligonga rungu la Spika kwa nguvu hata likavunjika, akasema ule ukuta anaujua.

Watu wa kwetu ninapowasimulia habari hii hupenda niishie hapo, wanawake wameingia, dunia imenyooka. Lakini kesho yake ililetwa hoja ya maji.

"Bomba lipelekwe kilimani," alisema Bi Siajabu.

"Kilimani maji yapo," alijibu Bi Kuruthumu kutoka juu. "Yanafika kila asubuhi kwa mkokoteni."

"Kwa anayeweza kununua, Bi Kuruthumu."

"Mimi hapa ni Spika. Niite Mzee Kombo."

"Haya, Mzee Kombo. Huko kilimani kuna mabinti hawaendi shule kwa sababu ya ndoo."

"Mimi nilibeba ndoo mpaka nywele za utosini zikanyonyoka! Nikaacha kubeba nikanunua mkokoteni. Leo unaniambia niufanye kuni?"

Wake wa matajiri wakamuunga mkono, kwa kuwa majumbani mwao maji hubebwa na watumishi, na hoja ikaanguka. Bi Siajabu alirudi nyumbani amekasirika, akakata vitunguu vingi kuliko mchuzi ulivyohitaji. Siku iliyofuata akamwendea Bi Kuruthumu nyumbani kwake. Sijui waliongea nini. Ninachojua ni kwamba hoja ilirudi ikiwa imepunguzwa. Bomba lingetolewa barazani na kupelekwa mtaa wa chini, karibu na shule, na kilima kingesubiri. Hiyo ikapita. Wacheza dhumna waliandamana, wakachoka baada ya kona ya kwanza, wakarudi kukaa.

Uchungu wa Raya ulianza alasiri ya siku mojawapo ya wiki ile, wakati ambao zamani kliniki ingekuwa imekwisha kufungwa. Tulimpeleka kwa mkokoteni wa maji, maana ndio uliokuwa ukipita. Lango lilikuwa wazi. Askari yule yule mwenye adabu alisimama kando, hajui aweke wapi mikono yake. Tulingoja kwenye benchi. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, na damu ilikuwa nyingi. Mkunga alitoka mara moja kuomba maji ya moto, uso umemkauka, akarudi ndani. Bi Siajabu hakukaa. Alisimama ameshika ukingo wa mlango, na kila Raya alipopiga kelele aliitikia kwa sauti ya chini, "Niko hapa, mwanangu. Niko hapa."

Akazaliwa mtoto wa kike, mzima, mwenye hasira. Mkunga akatoka kutuambia.

"Angebaki nje," akasema, "mngewazika wote wawili."

Bi Siajabu alikaa chini sakafuni, akajifunika uso kwa upande wa khanga, akalia kwa muda mrefu. Sidhani alikuwa anamlilia Raya peke yake.

Waheshimiwa walirudi wameiva kwa jua. Walishangaa kukuta umati. Wanawake wa soko walikuwa wamekuja na ngoma, na walipomwona Mheshimiwa Ngwali walimbeba juu juu, wakiimba, "Ngwali katuzalia! Ngwali kajua uchungu!" Mheshimiwa alipunga mkono, kwa sababu mwanasiasa hupunga, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamkia nyumba isiyo yake. Mkongwe mmoja alimpa pole, akamshauri anywe uji wa pilipili manga.

Kesho yake Spika, Mzee Kombo, alifoka bungeni. Sheria zote zilizopita wakati wa safari zifutwe! Bwana Hasnuu alisimama, akainama kwa heshima.

"Zinafutika, Mheshimiwa Spika. Kila mbunge asimame mbele ya redio, aseme kwa kinywa chake kwamba aliyoyasema hakuyasema."

"Nini?"

"Aseme kwamba hakuzaa, Mheshimiwa."

Kikao kikaahirishwa mpaka siku ya pili ili waheshimiwa watafakari kama walizaa.

Jioni ile, nyumbani, Mheshimiwa Ngwali alikuwa amempakata mjukuu wake, hajui kichwa kishikwe vipi. Mimi nilitaka kuondoka, Bi Siajabu akaniambia nikae.

"Umenivunjia heshima, Mama Raya. Umesema mambo yetu ya ndani kwenye redio."

"Sikusema mimi. Umesema wewe."

"Wananicheka."

"Wanakuimba. Hujawahi kuimbwa tangu nikujue."

Mtoto alimshika kidole. "Alizaliwa saa ngapi huyu?" akauliza, na nadhani aliuliza kwa mazoea tu.

"Saa tatu usiku," alisema Raya kutoka ndani. "Nikiwa kitandani, baba. Si nje."

Mheshimiwa alimtazama mkewe, na mkewe alimwacha atazame.

Kesho yake jina lake liliitwa la kwanza. Mtangazaji wa redio alimsogezea kipaza sauti. Spika akauliza, kwa sauti ya mtu anayemsaidia mwenzake, "Mheshimiwa Ngwali, je, ni kweli wewe ulipata uchungu sokoni?"

Nje tulisikia ngoma za wanawake wa soko.

"Ni kweli," akasema. "Nilipata."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, lakini baada yake hakuna mbunge aliyethubutu kukana. Shomvi alikiri. Waziri wa Ulinzi alikiri, hata akaongeza uzito wa mtoto. Sheria zikabaki, na ile ya kliniki ikapewa jina jipya, Sheria ya Ngwali. Nilitaka kumpongeza. Nisingeharakisha ningefanya vizuri zaidi, kwa sababu wiki hiyo hiyo waheshimiwa walitunga kanuni kwamba viti sasa vitapashwa kwa chupa za maji ya moto, siyo kwa wake. Kisha Kamati ya Uzazi, ikiwa na macho yake makavu, ikakaa kuandaa utekelezaji. Ikaamua kwamba kliniki itakuwa wazi saa zote kama sheria inavyotaka, ila mkunga atakuwepo saa za kazi.

Mheshimiwa Ngwali aliweka sahihi. Alimweleza mkewe kwamba mambo si rahisi.

Bi Siajabu hakugombana naye. Alivaa viatu, akaenda kwa Bwana Hasnuu kuuliza kama kuna kanuni inayomkataza mwanamke kugombea kiti cha kawaida. Bwana Hasnuu alitafuta tena, macho darini. Haikuwepo, hakuna aliyewahi kuona haja ya kuiandika. Uchaguzi ulikuwa umekaribia, naye akachukua fomu katika jimbo la mumewe. Wengine wakamfuata, na Bi Kuruthumu, ambaye hapendi kupitwa, akachukua fomu dhidi ya Mzee Kombo.

Kampeni ilimwendea vibaya Bi Siajabu. Alipita mitaani akisema mimi ndiye niliyesema, na watu wakamjibu, mama, sisi redio tumeisikia kwa masikio yetu, aliyezaa ni Ngwali. Wabunge wa Makofi walimpinga vikali. Walikuwa wamepiga makofi miaka mingi wakisubiri zamu, na sasa huyu anaruka foleni. Nyumbani mume na mke waliendelea kula meza moja, wakipitishiana chumvi kwa adabu ya mabalozi.

Mkutano wa mwisho ulifanyika sokoni, wagombea wote wawili jukwaani. Ngwali alizungumza vizuri kuhusu Sheria ya Ngwali, akapigiwa vigelegele. Ndipo muuza vitumbua mmoja, mwanamke mkavu mwenye unga mpaka kwenye viwiko, akaomba kuuliza swali. Sidhani alikusudia ubaya.

"Mheshimiwa, ulipokuwa pale langoni umeshikwa na uchungu, ulishika nini?"

Ngwali alimgeukia mkewe. Aligeuka bila kufikiri, kama alivyogeuka maisha yake yote kila aliposahau jina la mtu, mahali ilipo miwani, au alichotaka kusema. Bi Siajabu alikuwa anaangalia mbele.

"Nilishika..." akasema Mheshimiwa. "Nilishika msimamo."

Ilianza kwa kicheko kimoja karibu na mabanda ya samaki. Kisha soko zima likacheka, likacheka mpaka watu wakaegemeana, na muuza vitumbua akakaa chini akijifuta machozi kwa unga. Ngwali alisubiri kicheko kipite. Hakikupita. Basi akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alichukua kipaza sauti akampa mkewe.

"Mwambie, Mama Raya," akasema. "Mimi sikuwepo. Nilikuwa safari ya kikazi. Nilifika asubuhi."

Bi Siajabu alikipokea. "Nilishika mguu wa yule askari," akasema. "Buti lake. Na yeye hakuuondoa, akasimama hivyo hivyo mpaka alfajiri. Maskini, hakuwa na ufunguo."

Hakuna aliyecheka tena.

Alishinda. Wanawake walioshinda nchi nzima hawakufika hata theluthi, lakini walitosha kuwafanya wengine waangalie nyuma kabla ya kusema. Kikao cha kwanza kilirudisha mkunga wa saa zote, kwa kura za wanawake hao na za vijana kadhaa wa kiume ambao nao waliwahi kusimama nje ya lango lile wakiwa na wake zao na hawakujua kama jambo hilo linaruhusiwa kusemwa bungeni. Bi Kuruthumu alimwangusha mumewe kwa kura nyingi, na hoja ya maji ya kilimani iliporudi alikuwa wa kwanza kusimama kuipinga. Walizozana na Bi Siajabu mpaka Spika mpya akachoka kupiga kengele.

Nilimuuliza Bwana Hasnuu, aliyekuwa amepanda roshani kupumzika, iweje wanawake hawa wagombane wakati wote ni wanawake.

"Kumbe kwenu wanaume mnakubaliana?" akaniuliza.

Chini Bi Kuruthumu alikuwa akisema, "Bomba likifika kilimani, wasukuma mikokoteni wangu watakula nini? Kuna mtu hapa aliwahi kujiuliza?"

"Hilo sikulifikiria," akasema Bi Siajabu. "Lakini mitaro ya bomba inahitaji watu wa kuichimba."

"Kwa ujira gani?"

"Sogea tuzungumze."

Mheshimiwa Ngwali wa zamani alikuwa ameketi jirani yangu, mjukuu begani, sasa akijua kichwa kishikwe vipi. "Mama Raya asipoangalia," alininong'oneza, "huyu mama atamzungusha mpaka kesho." Mtoto akamtapikia kanzu. Alitazama huku na huku kutafuta mtu wa kumpokea, akaona sote tunasikiliza mjadala, akainuka mwenyewe kwenda kutafuta maji. Na kwa kuwa Bunge liko kilimani, na bomba la huko ndilo hilo lililokuwa bado likibishaniwa, hakurudi haraka.